Mkurugenzi Kafungulia Tangi la Mionzi

Shoga, uko? Usicheke kwanza.

Unalijua lile tangi nyuma ya wodi yetu, la mikojo ya wagonjwa wanaokunywa dawa ya mionzi ya tezi. Maji yanakaa humo mpaka mionzi iishe nguvu, ndipo tunayaachia.

Mkurugenzi kalifungulia. Kwa mkono wake.

Eti wakaguzi wanakuja leo, hataki wakute "maji yaliyolala". Nikamwambia yamelala kwa sababu tumeyalaza. Ananijibu, "Mbona hayanuki, dada?"

Hayanuki. Mtu mzima, ofisi ina zulia, anapima mionzi kwa pua.

Bahati koki ya kwenda mtaroni nilikuwa nimeifunga. Isingekuwa hivyo, saa hizi yangekuwa yanapita mtaani kwenu. Yakafurika uani, yakamlowesha miguu.

Nikaleta kipimo. Kililia kwenye vile viatu vyake vya kung'aa, hakinyamazi. Nimemvua, nimevifungia stoo ya taka za mionzi. Miguu nimemsugua kwa sabuni kama mtoto.

Sasa yuko ukumbini, pekupeku, anawahutubia wakaguzi kuhusu usalama.

Na unajua kabla ya kuingia kaniuliza nini? Si maji yamefika wapi. Kauliza viatu atavipata lini.

Nikamwambia vikishalala.