Tazameni Miguu ya Baba

Wanangu,

Nimekwenda kumwita muuguzi. Mboga nimeshaosha. ~~Baba asiguse jiko.~~ Hapana, apike mwenyewe. Tangu aumie uti wa mgongo, jiko ndilo lililomrudishia ubishi wake.

Asubuhi nilisikia harufu ya kuungua, nikadhani ni mkate. Kumbe ni mguu wake, umeegemea jiko, naye anapiga mluzi! Nilipopiga kelele akanijibu, "Usinifanye mtoto." Nimelia bafuni, msimwambie.

Na wewe kitindamimba, usimsukume kwenye kiti chake cha magurudumu kama toroli, muulize kwanza. Ila miguu yake itazameni kila mara, msingoje alalamike. Akisema hasikii maumivu, hadanganyi. Hicho ndicho kinachonitisha.

Mama