Mstari wa Penseli Juu ya Kadi

Mdogo wangu mpendwa,

Mwezi uliopita walituletea kompyuta mpya hapa mgodini, na ile niliyoizoea wakaisukuma kwenye kona ya stoo. Mkubwa wa kazi alisema orodha zangu zote za vipuri lazima ziandikwe upya kwa namna nyingine, akauliza nani ataweza. Wasichana wawili waliomaliza chuo juzi tu wakainua mikono. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nikakukumbuka wewe huko Ulaya, na wivu ukanishika upya.

Unakumbuka tulivyoachana njia? Mimi niliingia kozi ya miezi sita hapa Kitwe. Tulifundishwa programu za aina moja, za kuorodhesha vipuri, na aliyeuliza kwa nini aliambiwa ageuze ukurasa. Mwezi wa saba nilikuwa na kazi na viatu vya kisigino. Wewe ulikwenda chuo kikuu Lusaka, ukawa unarudi nyumbani Kabuta likizo na maswali ambayo hakuna aliyekutuma kuyauliza. Mama, aliyevuka Ziwa Mweru kutoka Kilwa ya ng'ambo na biashara yake ya samaki na Kiswahili chake, alikuwa akiniambia mbele yako, "Weye njo ulisoma. Uyu iko nacheza tu." Nilifurahi kuwa ndiye msomi. Sikukutetea hata siku moja.

Lakini huko kucheza kwako ndiko nilikokuonea wivu. Ulikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa ukimhoji baba habari za mpumbu, samaki waliojaa Mweru wakati wa ujana wake, ambao sisi tuliwajua kwa jina tu. Matundu ya nyavu yalikuwa mapana kiasi gani? Walivuliwa kabla ya kutaga au baada? Ukaandika yote daftarini, ukasema utaiuliza kompyuta wamekwenda wapi. Mimi niliyeshinda na kompyuta kila siku sikuwahi kuiuliza kitu.

Ukaja Kitwe na daftari lako. Mkubwa wa kazi alikupa nafasi moja kwenye mashine, Jumamosi, akasema programu yako ikienda atawaandikia rafiki zake Ulaya wakutafutie masomo. Nilikutobolea mwenyewe kadi za kusomwa na mashine, saa za chakula, zaidi ya mia mbili, kila kadi sentensi moja ya programu. Ukazisimamisha kwenye boksi, ukachora penseli juu ya kingo zake zote, mstari mmoja wa mshazari toka pembe hadi pembe.

"Yaya, naweka mustari," ulisema, maana kwetu dada mkubwa ni yaya. "Kama zinaanguka, mutu ataona namna ya kuzipanga."

Jumamosi asubuhi, ulipokuwa unaoga, nilichomoa kadi za katikati nikazirudisha ovyo. Hazikuanguka, mdogo wangu. Ni mikono yangu. Mstari nilikuwa nimeusahau, maana orodha zangu zilikuwa fupi na sikuwahi kuuhitaji.

Ulifungua boksi mbele ya mashine ukauona mstari umekatika vipande vipande. Ulinitazama mara moja tu. Kisha ukakaa kwenye sakafu na gauni lako la kanisani, ukazipanga kadi moja moja mpaka mstari ukanyooka. Mkubwa alipouliza, ulimwambia zilitikisika kwenye basi.

Mashine ikazisoma, karatasi ikatoka na nyota. Kila mstari mwaka mmoja, kila nyota samaki wengi, na nyota zikazidi kupungua mpaka karatasi ikabaki nyeupe. Tuliipeleka Kabuta. Baba hakujua kusoma, lakini alizifuata nyota kwa kidole hadi pale zilipokwisha.

"Apa njo tulimaliza mpumbu," akasema.

Akaomba karatasi ibaki nyumbani, na mama akaikunja ndani ya sanduku la vitenge vyake. Miaka yote ile ya kazi yangu, hakuna mtu Kabuta aliyewahi kuomba kuona orodha yangu hata moja. Siku ile ningeweza kuitupa karatasi yako ziwani. Mkubwa akaandika barua alizoahidi, ukaondoka kwenda Ulaya, na habari ya kadi hatukuizungumza kamwe.

Sasa nisikilize. Juma hili, saa za chakula, nimekaa na kitabu cha mashine mpya bila kutumwa na mtu. Nimetafuta swali langu mwenyewe, dogo tu: samaki wa mama hupungua uzito kiasi gani kila siku wakikaushwa masika. Mashine ilinikatalia mara nne. Mara ya tano ikajibu, nikacheka peke yangu hata chumba kizima kikanigeukia. Kumbe hiki ndicho ulichokuwa nacho juu ya ule mtumbwi. Nakuonea wivu zaidi kuliko zamani, kwa miaka yote uliyokuwa nacho bila mimi. Ila nahitaji mwalimu kabla wale wasichana hawajakalia kiti changu, na simtaki mwingine.

Nakutumia kadi zangu uzisome na unirekebishe bila huruma. Nimechora mstari wa penseli juu yake. Ukiukuta umekatika, mara hii kweli zimetikisika njiani.

Yaya wako