Picha ya Pasipoti Iliyopotea

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti chako cha dirishani, ukijifanya husomi. Goti linaendeleaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba halikusumbui tena, na nyuma yake nikakusikia ukisema linakusumbua sana, kwa hiyo nimechukulia kwamba wote wawili hamjambo. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na rangi inanitoka kwenye kucha kila Jumapili.

Mara ya mwisho uliuliza kama bado nachafua kuta za watu. Bado, baba, na mabango ya vinyozi hayajaisha. Ila tangu mwaka uanze, Jumamosi nachora wanyama. Mtaa wa pili kuna kituo kinachookoa mbwa na paka waliotupwa. Kinaendeshwa na daktari wa mifugo mstaafu, mama mrefu mwenye sauti inayofungua milango kabla hajabisha hodi. Nachora wanyama wake, picha zinauzwa, kinachopatikana kinanunua chakula na chanjo. Tena mtu akimpenda mnyama ukutani, huuliza kama yupo kweli. Huambiwa yupo, amekaa hapo nyuma anamsubiri.

Mwanzoni nilichekwa. Miaka tisa ya kuchora vichwa kwenye mabango ya vinyozi si mchezo: paka wangu wa kwanza alitoka na njia ya kitana pembeni, kama anakwenda kwenye usaili. Daktari akasema hajawahi kutibu paka mwenye adabu kama huyo. Lakini kilichonishinda kabisa ni macho. Kila nikiyachora yanakuwa vifungo vya koti. Kwa kuwa kazi hii sikufundishwa na mtu, nilijitafutia dawa mwenyewe: nikaanza kuazima macho ya watu ninaowafahamu. Mbuzi aliyeokotwa sokoni nilimpa macho ya mwenye nyumba wangu, na akachukuliwa siku ile ile. Mwenye nyumba aliitazama sana ile picha, akasema mbuzi huyu anaonekana ana akili.

Basi pale kituoni kulikuwa na mbwa mmoja mzee. Alikwisha kuchukuliwa mara tatu na kurudishwa mara tatu, kama bahasha isiyo na stempu. Hang'ati, habweki. Kosa lake ni kwamba ukimwita anakutazama, anafikiri, halafu anakugeuzia mgongo. Daktari aliniambia kwamba mwisho wa mwezi kituo kinahamia mahali padogo, wasiopata wa kuwachukua watapelekwa kwenye banda la mji, na huko mbwa wa umri ule hawekwi siku nyingi. Alisema hayo huku akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Nilimchora kwa siku tatu. Siku ya maonyesho ya kituo nikaitundika picha yake karibu na mlango, na nikamwalika shangazi.

Najua, baba. Najua huu ni mwaka wa nne wewe na dada yako hamsemeshani, kisa cherehani ya bibi, ambayo kati yenu hakuna anayejua hata kuitia uzi. Shangazi alikuja, akapita picha moja moja akitafuta kasoro, na akazipata. Alipofika kwa yule mbwa mzee akasimama. Akasogea karibu. Kisha akaikemea ile picha mbele za watu, akiiuliza inathubutuje kumtazama hivyo mtu aliyeibeba mgongoni utotoni. Akaiita Nungunungu. Watu wakadhani ndilo jina la mbwa. Mimi nilijua ni jina la nani, maana chini ya jua anayeitwa hivyo ni mmoja, na mwenye ruhusa ya kumwita ni mmoja. Aliondoka na picha kwapani na mbwa kwenye kamba, mbwa akiwa mbele.

Sasa nitubu. Ile picha yako ya pasipoti uliyoitafuta nyumba nzima, ukamlaumu mama wiki mbili, niliichukua mimi. Ulipigwa picha hiyo siku niliyokwambia naacha kazi ya ofisini nikachore, na sijawahi kuona macho yaliyokataa jambo vizuri namna ile. Mbwa yule nisingemsaidia kwa kumchorea macho ya upole. Alihitaji mtu aliyezoea kuupenda uso wa aina hiyo, na ninaowajua ni watatu tu: mama, mimi, na dada yako.

Picha nairudisha humu. Ina tone la rangi ya kahawia sikioni, halionekani sana.

Shangazi sasa anamgombeza yule mbwa kutwa nzima, maneno ya miaka minne. Mbwa anasikiliza yote, kisha anageuza mgongo. Shangazi anasema hajawa na raha hivi siku nyingi. Jumapili ijayo wanakuja kwenu wote wawili. Amesema nikuambie kwamba haji kwa ajili ya cherehani, anataka tu kuona kama unaipaka mafuta. Ipake mafuta, baba. Na mbwa akikaa mlangoni akakukazia macho, usishindane naye. Nimekaa naye siku tatu, hapepesi.

Msalimie mama sana, na umwombe radhi kwa zile wiki mbili. Goti nalo nalisalimu, kama linasumbua na kama halisumbui.

Ni mimi mwanao wa pili, niliyerithi macho ya mama, nashukuru.