Mama Amezinduka Kabla Yangu

Jumapili jioni, Cheyo. Mchana mawingu yalikuja, yakatuchungulia, yakaenda zao. Joto limebaki.

Naandika haraka kabla sijaanza kujidanganya: leo nimemwonea wivu mama yangu mzazi.

Mama alifika juzi kutoka Urambo. Alisema kaja kunisalimia tu, lakini nilijua. Tangu niache ualimu wa sekondari na kuanza darasa la kujitambua hapa sebuleni kwangu, huko nyumbani wananisema. Wapo wanaodai nimejiunga na watu wanaokunywa damu. Mama ni Mmoraviani, mwanakwaya wa miaka mingi. Alikuja kujionea kwa macho yake, na kama angeona ubaya, lawama zake zisingeisha.

Basi leo wanafunzi walipokuja nikamkaribisha. Akakaa kwenye kochi karibu na mlango, mkoba mapajani, tayari kutimka. Nikawaambia wote wafumbe macho, wafuate pumzi, wajiulize: mimi ni nani?

"Mimi mama yako," Mama akajibu kwa sauti.

Nikamwomba ajibu kimoyomoyo. Akatii.

Akatii kupita kiasi. Kichwa kikainama, mabega yakashuka, ukaanza mkoromo mzito, wa mpangilio. Mkoromo ule naujua, nimekua nao. Lakini Bwana Mayunga, mkulima wa tumbaku kutoka Ntalikwa ambaye kwangu hajawahi kutulia hata kidogo, alifumbua jicho moja akanong'ona, "Mwalimu, mama ameshafika."

Wote wakamgeukia. Na kweli, uso wake ulikuwa na ule utulivu ninaowaahidi kila Jumapili, ambao mimi mwenyewe sijawahi kuwa nao.

Nilipaswa kusema amelala.

Nikanyamaza.

Ghafla Mama akashtuka na kupaza sauti: "Fungueni mlango, watoke!" Alikuwa anaota mbuzi wake. Bwana Mayunga akatokwa na machozi. Dada Neema, fundi cherehani wa jirani, akaeleza kwamba mlango ni moyo, na wanaotakiwa kutoka ni tamaa zetu. Wakapiga makofi. Nimewafundisha mwaka mzima, hakuna aliyewahi kunililia.

Wakati wa kuondoka walimwinamia mmoja mmoja, "Shikamoo, mama," naye akiitikia marahaba kama malkia. Mimi nilipungiwa mkono.

Tulipobaki wawili nikamuuliza, huku nimenuna, "Mama, uliona nini?"

"Nione nini? Nililala, mwanangu. Tangu nisikie maneno ya watu sijapata usingizi wa maana. Leo nimewaona mmefumba macho kama watoto wa chekechea, roho yangu ikatua." Akanitazama. "Nilidhani nimekupoteza."

Nikacheka, halafu nikalia, halafu akanituma dukani nikanunue chumvi.

Sasa hivi Bwana Mayunga kanipigia simu. Wiki ijayo anakuja na mkewe na shemeji zake, na anaomba mama aongoze darasa. Nimemfikishia Mama. Kasema kuongoza hawezi, ila kulala ataweza, mradi apewe mto.

Nimempa wangu.

Jumapili nitawaambia ukweli wote: kwamba alilala, na kwamba mimi nilinyamaza huku wivu ukinitafuna. Hofu yangu ni moja tu. Watasema hilo nalo ni fundisho.