Ufizi wa Rehani Usiguswe

Wodi ya watoto,
Korogwe.
Jumatano, baada ya adhuhuri.

Kwako Dada Hafsa, Kwamsisi, Handeni.

Assalaam alaykum, na shikamoo dada yangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mvua zimewafikia huko na mahindi yameshika. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili, ila roho haiko mahali pake. Niko hospitali na mwanangu Hussein. Usishtuke, yuko hai, amelala hapa ubavuni kwangu na mrija wa dawa mkononi. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeruka mistari yote ukitafuta habari ya msiba.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu tunazo. Dada, simu yako wewe ni redio ya mtaa. Ukipokea tu unaweka sauti kubwa, ukumbi mzima unasikia, na majirani nao. Jambo hili si la ukumbini. Nampa Habakuki, jirani yetu wa Mazinde, ambaye kesho anakuja huko Handeni kununua mahindi, na nimemwapisha akukabidhi mkononi. Isome peke yako. Ikibidi kajifungie chooni.

Kwanza kabisa ni habari ya Rehani. Juzi uliposema kwenye simu kwamba mwanao anatoka udenda, ana joto na tumbo linamwendesha, nilikaa chini sakafuni na manesi wananitazama. Nakuomba kwa jina la Mungu, asitokee mtu wa kumfungua kinywa akasema ana meno ya plastiki. Mtu yeyote, hata awe nani. Akisema hivyo, mkatalie. Aking'ang'ania, mbebe mtoto uondoke zako. Sasa soma taratibu ujue kwa nini.

Hussein alianza hivyo hivyo. Udenda, joto, kila kitu anatia mdomoni, kisha akaanza kuharisha mpaka nepi zikaniishia. Athuman, kama unavyojua, anatoka kwenda kukata mkonge kabla hakujapambazuka, na mimi nilikuwa nimeshachanganyikiwa. Nilikuwa na mtu nyumbani, mtu mzima ninayemwamini. Jina lake sitaji hapa. Nitalitaja mbele, maana nikilitaja sasa utaikunja barua uitie jikoni, nakujua hasira zako. Huyo mtu alimfungua mtoto kinywa pale mlangoni penye mwanga, akaniita nione. Nikaona kweli, vivimbe vyeupe kwenye ufizi, pale panapoota chonge. Akaniambia ndiyo meno ya plastiki hayo, ndiyo yanayoleta homa na kuharisha, na yakiachwa yatoke yenyewe mtoto haponi. Ni maneno tuliyokua nayo, dada. Nani kwetu hajayasikia? Nikaamini kama ninavyoamini jua litachomoza.

Alisema ni kazi ya alfajiri, baba mtoto akishaondoka. Tena akanionya kwamba jambo hili halisemwi kwa mtu, hasa kwa manesi, mpaka kidonda kifunge, la sivyo meno yanarudi kwa hasira zaidi. Basi kesho yake, Athuman alipotoka tu, huyo mtu akachukua spoku ya baiskeli aliyoichonga ncha kwenye jiwe, akaisuuza kwa maji ya moto, akaipaka chumvi. Tukajiona tumefanya usafi wa kutosha. Mimi ndiye niliyemshika mtoto, kichwa nimekibana katikati ya magoti yangu. Kile kilio sijawahi kukisikia kwa mtoto, wala sitaki nikieleze, maana nikikieleza nitashindwa kuandika. Alipomaliza aliniwekea kiganjani vitu vyeupe, laini, kama punje za mahindi machanga, akasema nijionee mwenyewe. Na mimi mjinga nikashukuru. Nikamwambia Mungu akulipe.

Hussein alilala siku ile, nadhani kwa kuchoka, sisi tukasema amepona. Huyo mtu akaaga kesho yake. Nilimpikia wali kwa kuku, nikamsindikiza hadi Mombo kupanda basi, nikarudi nyumbani naimba.

Kuimba kwenyewe hakukudumu. Shavu la mtoto lilianza kuvimba, kutoka kidevuni mpaka chini ya sikio, gumu, la moto. Akitaka kunyonya analia, anaachia ziwa, naona damu kwenye chuchu yangu na si yangu. Athuman akarudi kutoka kazini akauliza ana nini, nikamwambia ni meno tu yanaota. Nilipomfikisha zahanati waliniuliza kama kuna kitu alifanyiwa, nikasema hapana, maana nilikuwa nimekanywa nisiseme. Wakaona hali ni mbaya, wakatuandikia tuje Korogwe. Njiani macho ya Hussein yalikuwa yanapinduka, naona weupe tu. Dada, niliogopa! Nilimwita jina lake njia nzima mpaka dereva naye akawa anamwita.

Hapa walimkuta damu imepungua sana. Kwa ajili ya ule uvimbe wakamwita daktari wa meno, mama mmoja wa makamo, Dokta Josefina, Mshambaa wa kule Lutindi. Akamfungua mtoto kinywa kwa kidole na kurunzi, akatazama kwa muda, kisha akaniuliza ni nani amemfanyia hivi. Nikasema ameanguka. Hakunifokea. Alisema hana haja ya jina la mtu, anataka kujua kilichotumika ili ajue dawa ya kumpa, na kila ninavyozidi kuficha ndivyo ninavyomnyima mwanangu nafasi. Ndipo nikasema ni spoku ya baiskeli. Athuman alikuwa amesimama nyuma yangu, ndipo hapo aliposikia. Alitoka nje, akaenda kumtolea mtoto damu. Mpaka leo hasemi na mimi ila kupitia kwa mtoto. Ataingia wodini, ataweka chakula, aseme, Hussein, mwambie mama yako ale. Najua atapoa, lakini inaniuma.

Sasa sikiliza aliyonifundisha Dokta, na uyashike kama unavyoshika sala. Amesema duniani hakuna meno ya plastiki. Vile vivimbe ni chonge za utotoni ambazo bado ziko ndani ya ufizi, laini kama mbegu iliyoloweshwa, na kila mtoto anazo, hata yule mnono asiyeumwa. Zinaonekana wakati uleule mtoto anapoanza kuokota kila kitu na kukitia mdomoni, na uchafu ule pamoja na maji yasiyochemshwa ndivyo vinavyomharisha. Watu wanaona ufizi umevimba na tumbo linaendesha, wanaunganisha. Dawa ya kuharisha ni ziwa lako, chumvichumvi ya pakiti unayokoroga kwenye maji safi, na vidonge vya zinki, vyote utavipata zahanati. Na homa ikipanda wasisingizie meno, mtoto apimwe. Ukimchimba mtoto ufizi unamtoa damu, unampandikizia wadudu, na jino la ukubwani lililo chini nalo unaliharibu.

Nilimuuliza basi ufizi wenyewe unatunzwaje. Akasema kitambaa safi chenye maji, unaufuta baada ya kumnyonyesha, na akiwashwa mpe kitambaa hichohicho kibichi atafune. Siku jino la kwanza likitokeza, mswaki mdogo laini na dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, asubuhi na kabla ya kulala, na mzazi ndiye anayepiga, si mtoto. Nikamwambia mimi nilidhani mswaki ni wa watu wenye meno, si mtu mwenye jino moja kama bibi kizee! Akacheka, mara ya kwanza namwona anacheka. Akaongeza kwamba zile chupa za chai ya sukari tunazowalazia nazo watoto ndizo zinazowaozesha meno wakiwa hawajafika hata shule. Na kwako natuma salamu hapo, dada, maana mtoto wako mkubwa tulimlea kwa chupa hiyo, na meno yake ya mbele unayajua. Mtu akivimba shavu na homa juu, mkubwa au mdogo, hakungojwi kesho.

Kisha akaniambia na mimi nifungue kinywa. Nikaona haya, ila nikafungua. Akaniuliza chonge zangu za chini ziko wapi. Nikamwambia sikuzaliwa nazo, kwetu ndivyo tulivyo. Akapitisha kidole pale pengo lilipo, akasema polepole kwamba hapa palichimbwa nikiwa mtoto mchanga, kovu lipo. Hapo nikakukumbuka wewe, unavyocheka umeziba mdomo kwa kanga tangu usichana wako, kwa ajili ya lile jino lililoota upande. Siku zote tunasema tumerithi meno mabaya ya kwa baba. Maskini baba, tumemsingizia bure mpaka kaburini.

Nadhani umeshajua. Ni Mama, dada. Mama yetu aliyekuja Mazinde kunisaidia kulea, aliyenifulia nepi, aliyenikorogea uji wa pilipili manga kila asubuhi ili maziwa yatoke. Alisema Bismillahi kabla ya kuanza, na mtoto alipolia na yeye machozi yalikuwa yanamtoka. Hajui kilichompata Hussein. Alipopiga simu nilimwambia hajambo. Na hivi sasa yuko kwako, ndiye anayembeba Rehani mgongoni, na ile spoku nilimwona akiifunga kwenye pembe ya kanga, akaitia mkobani alipokuwa anaondoka.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma mchukue Rehani umpeleke zahanati leo hiihii, usingoje kesho. Mama mwambie manesi wamekuita, ni kweli watakuita ukishafika. Usiku mtoto alale na wewe, na alfajiri usimwachie Mama hata kama amekuamsha kwa upole na kusema wewe lala tu, mwanangu, umechoka. Ndivyo alivyoniambia mimi. Usigombane naye wala usimwambie lolote la Hussein. Hilo niachie. Dokta anasema mtoto akiendelea kunyonya hivi, na homa isiporudi, siku chache zijazo wataturuhusu. Nikitoka hapa sipiti Mazinde, nakuja huko moja kwa moja. Jambo hili halisemwi kwa simu, na haiwezekani lisisemwe kabisa, maana majirani nao wanamletea watoto wao.

Ila naogopa, dada. Siogopi ukali wake. Akinichapa kibao mbele ya watu nitasema asante. Naogopa kwa sababu ya mdogo wetu Muhidini. Mimi nilikuwa mdogo, simkumbuki vizuri, wewe ulimbeba. Lakini tangu nipate akili, kila Mama akimtaja husema yaleyale, kwamba homa ilimshika Muhidini, yeye akazubaa, na alipokuja kumtoa meno ya plastiki alikuwa ameshachelewa, mtoto akavimba uso akafa. Husema angemuwahi angekuwa kijana sasa. Ndiyo maana akiona mtoto anatoka udenda hasubiri kuche. Dokta sikumuuliza habari za Muhidini. Sikuhitaji kuuliza.

Maisha yake yote Mama amejilaumu kwamba alichelewa. Mimi ndiye nitakayekuja kumwambia kwamba hakuchelewa. Siku hiyo, dada yangu, ukae karibu naye, umshike mkono, kwa sababu nikimaliza kusimulia ya Hussein atataja jina la Muhidini.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na majirani wanaoniulizia. Mpe Mama shikamoo yangu, umwambie Hussein leo amenyonya mpaka akacheua. Mungu atukutanishe salama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Chausiku