Kichupa Kilichopita Mkono kwa Mkono

Bukoba, Jumatano. Mvua tangu alfajiri, ziwa limekuwa rangi ya jivu.

Mimi ndiye mtunza mtungi wa baridi hapa kituo cha utafiti. Mkoa mzima hakuna mwingine awezaye kuufungua bila baridi yake kumuunguza vidole. Watu wanajua, nimewaambia mwenyewe. Ndani mna vichupa vya mimea ya ziwani, midogo hata jicho haliioni. Mtaalamu wetu, Bi. Kokugonza, huigandisha ikiwa hai. Akiiyeyusha, inaamka na kuzaana. Kijijini Rubafu nilisema kazi hiyo ni yangu. Nikaongeza kwamba niliwahi kugandisha sato mzima, akaamka akanichapa mkia shavuni.

Basi Jumapili akaja kujionea shemeji yangu wa huko Rubafu, Ta Rwechungura (kwetu Ta ni Bwana), na wazee wawili wa kijiji chao cha ujamaa. Niliwapa kahawa ya kutafuna, ikapita mkono kwa mkono kama ilivyo kwetu. Kisha nikatoa kichupa mtungini. Nacho, juu ya kitambaa, kikapita mkono kwa mkono. Mgeni utamnyimaje?

"Mbona hakichapi mkia?" shemeji akauliza. Wakacheka mpaka wakapaliwa.

Kiliponirudia, barafu ya ndani ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Nikakitumbukiza tena mtungini.

Bi. Kokugonza alishanifundisha: ikiyeyuka ikagandishwa ovyo, barafu huichoma kwa ndani kama sindano. Na kichupa hicho ndicho pekee chenye mmea wa ghuba moja ya Muleba. Ameutafuta tena mara mbili, hakuupata.

Leo asubuhi akasema kesho anakiyeyusha.

Ningeweza kunyamaza. Lakini angekuta umekufa, angedhani dawa yake ya kugandishia ndiyo mbovu, aanze kazi yote upya. Hilo ndilo lililonishinda.

Nikamwambia. Yote, hata la sato.

Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. "Ta Byabato, kilikaa nje muda gani?"

Nilitaka kusema dakika moja.

"Mpaka kahawa ikatuishia mdomoni."

Akakiyeyusha palepale, akadondosha tone kwenye chupa ya maji safi, akaiweka chini ya taa. Ukiwa hai, maji yatageuka kijani baada ya siku kadhaa. Ukiwa umekufa, yatabaki hivyo hivyo.

Nimeshakwenda kuchungulia mara sita. Bado ni maji tu.

Ee Mungu, yakigeuka kijani, nitaweza kweli kutomsimulia mtu?