Mama Alikuwa Anakula Nini?

Jumapili, Kalenga. Baridi ya mwezi wa sita imeingia mpaka kwenye mifupa, na upepo hautulii. Nimevaa sweta mbili na bado najikunyata. Naandika nikiwa jikoni kwa mama, karibu na moto. Yeye amejilaza chumbani.

Mimi ni afisa lishe. Kazi yangu, kwenye kituo cha afya huko Igawa, ni kufundisha watu kula. Kila Jumanne nawaonyesha akina mama picha za makundi ya chakula. Nawaambia sahani isijae ugali peke yake: iwe na maharage au dagaa, mboga za majani, tunda, na mafuta kidogo. Somo hilo nimelirudia mpaka naweza kulisema huku nawaza mambo mengine.

Alhamisi mama yangu alianguka bombani.

Aliyenipigia simu ni jirani yake, Mama Tulia. Alisema hakuzimia, ila miguu ilimgomea. Nikapanda basi la kwanza kuja Iringa. Hospitalini walimpima, na daktari akasema damu imeshuka sana. Walitafuta ugonjwa mwingine, hawakuuona. Ndipo akaniuliza swali ambalo mimi huwauliza wengine: mgonjwa anakula nini?

Nikamwambia nitaangalia kabatini kwake.

Jana tumerudi nyumbani na vidonge vya kuongeza damu. Nikafungua kabati lake. Kulikuwa na sembe, majani ya chai na sukari. Kwenye bakuli kulikuwa na mayai kumi na manne, anawawekea wajukuu wakija likizo. Maharage hayakuwepo hata kikombe kimoja. Mavuno yote ya msimu uliopita alinitumia mimi kwa basi, nami nikayapika darasani na kuyasifia mbele ya watu.

Nilikasirika. Naona aibu kuliandika hili, lakini nilimkasirikia yeye. Nikaanza kumfundisha: kwamba chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua madini ya chuma, kwamba mboga isichemshwe mpaka ife, kwamba mtu wa umri wake anahitaji mayai kuliko wajukuu wanavyoyahitaji. Alinisikiliza kwa adabu, kama wanavyonisikiliza akina mama wa Jumanne. Nilipomaliza, akasema taratibu:

"Mwanangu, hayo nayajua. Mboga ya mnafu imejaa hapo nyuma ya nyumba. Lakini tangu baba yako aondoke, nikiinjika sufuria, namwinjikia nani? Nasonga kaugali kangu, nashushia na chai, nalala."

Baba alifariki miaka miwili iliyopita. Kila Jumapili nampigia mama simu na kumuuliza kama amekula. Hujibu kwamba amekula. Nami huridhika.

Nilitoka nje nikalia kidogo, nikarudi.

Leo asubuhi nilikwenda kumshukuru Mama Tulia. Naye ni mjane. Nilimkuta mlangoni kwake na kikombe cha uji, peke yake. Nilimweleza yote, akatikisa kichwa na kusema hata yeye hupika mara moja akala siku mbili. Nikamwomba aje tule wote mchana.

Alikuja na maparachichi mawili na dagaa kwenye kimfuko. Mama alipomsikia, aliamka. Akachuma mnafu mwenyewe, hakutaka nimsaidie, kisha akavunja mayai manne kati ya yale ya wajukuu bila kuniangalia. Wakala wakibishana juu ya chumvi. Mama aliongeza mboga mara mbili. Chai niliichelewesha, alinitazama vibaya, lakini alingoja.

Mama Tulia alipoinuka kuondoka, alisema, "Kesho tupike kwangu, keshokutwa huku. Moto mmoja unatutosha sisi wawili."

Mama akajibu kwamba atakuja, mradi chumvi aitie yeye.

Siku mbili hizi nimejifunza kazi yangu upya. Picha zangu zinasema kweli, sitaziacha. Lakini mama yangu hakupungukiwa na maarifa. Alipungukiwa na mtu wa kula naye.

Kesho nilipaswa kurudi kazini. Nimeomba ruhusa ya siku tatu zaidi. Sitaki kumfundisha mtu chochote. Nataka tu kukaa hapa, nimwone mama yangu akila.